Jina: Siku ya Saba

Houda alipofika kazini, kituo cha polisi, Mwanasiti alikuwa keshakaa kwenye benchi la korido. Benchi lile lile, upande ule ule wa dirisha, na chupa ya chai yenye kifuniko chekundu imebanwa katikati ya miguu. Siku sita mfululizo mama huyo alikuwa akitoka Buyenzi kwa miguu, chai asubuhi, bugali na ndagala mchana, kumletea mwanawe aliyefungiwa nyuma ya korido hiyo. Leo ilikuwa siku ya saba.

"Salaam aleikum, Mama Ilyasi."

"Waaleikum salaam, inspectrice."

Houda alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa mama huyu, na kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kuitwa naye kwa neno jingine ila "mwanangu". Ubaya wa hilo neno jipya ni kwamba lilisemwa kwa adabu kabisa.

"Anatoka leo?"

"Leo tutajua, Mama."

"Nyinyi munajua. Mi njo nangoja."

Houda alipita akiangalia viatu vyake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Baada ya mafuriko, shirika moja dogo la Rohero, jina lake Inzu Nshasha, lilikuwa limeandikisha kaya mia mbili na kumi na nne za Buterere zilizobomokewa nyumba, ili zipatiwe mahali pakavu pa kujenga. Orodha ilikaa kwenye seva ya shirika. Jumatano iliyopita, saa sita kasorobo mchana, orodha ikawa tupu. Orodha za mitaa mingine zilibaki salama. Ya Buterere peke yake ndiyo iliyofutika. Dakika chache kabla ya hapo, Ilyasi, fundi umeme wa miaka thelathini na mmoja, alikuwa ameingia chumba cha seva akiwa na bisibisi mkononi.

Ripoti ya kwanza aliiandika Houda. Ilisema: mtu wa mwisho kuigusa mashine ni Ilyasi. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, na kwa nguvu yake Ilyasi alikuwa amelala juu ya saruji usiku sita. Kisheria, muda wa kumshikilia kituoni ulikuwa unaisha leo. Saa tisa alasiri faili lingepanda kwa mwendesha mashtaka, na Ilyasi pamoja nalo hadi gerezani, au angerudi nyumbani.

Commissaire Léonce alikuwa na kalamu mkononi tayari.

"Nasaini?"

"Nipe mpaka saa tisa, Commissaire."

"Kuna nini tena? Juzi ulisema iko wazi."

"Hifadhidata yao ina daftari lake la ndani. Kila amri inayoingia inaandikwa humo. Jana nimelisoma lote. Hakuna amri ya kufuta."

"Basi alifuta na daftari."

"Hakuna amri ya kuandika pia. Mitaa mingine yote imo, mstari kwa mstari. Ya Buterere, hata jina moja halikuwahi kuingia humo." Houda alisita. "Mwizi anaweza kufagia nyayo zake akitoka. Kwa nini afagie na nyayo za mwenye nyumba akiingia?"

Léonce aliweka kalamu chini, lakini hakuifunika. "Labda ni mjanja."

"Ni fundi wa betri, Commissaire."

"Saa tisa," alisema Léonce. "Si saa tisa na nusu."

*

Ilyasi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda wala kamba za viatu. Alikaa, akamtazama Houda kama mtu anayetazama ukurasa aliokwisha kuusoma.

"Tuanze tena tangu mwanzo."

"Tena? Dada Houda, ile hadithi nimeisema mpaka yenyewe inachoka."

"Iseme mara moja tu."

"Jumatano wananipigia simu, onduleur inalia, ile ya kushika mashine umeme ikikatika. Nafika, nakuta batterie imekufa, imevimba kama mandazi. Nakwenda kwa muzee Massoudi kununua ingine. Narudi, nazima serveur, natia batterie, nawasha. Naenda zangu."

"Nani alikuruhusu kuzima?"

"Yule dada wa kuandika, Benite. Alisema zima tu."

"Benite anasema ulimtishia. Ulisema: liste yenu itapotea."

Ilyasi alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Nilisema batterie imekufa, umeme ikikatika vitu yenu yote itapotea. Daktari anakwambia una malaria, we unamufunga unasema amekutukana."

"Neno liste hukulitaja?"

"Ata sikujua wana liste. Mi ni mutu wa waya."

"Shangazi yako anakaa Buterere. Jina lake halimo. Ulikasirika."

"Halimo?" Ilyasi alinyanyuka kidogo kwenye kiti. "Jumatatu alinipigia simu anafurahi, wamemuandika mbele ya macho yake. Kama mi ni mwizi, mutu wa kwanza nimemuibia ni shangazi yangu."

Houda alifungua ripoti yake mwenyewe na kutafuta ukurasa wa pili. Hapo palikuwa na sababu ya kosa, kwa mwandiko wake: jina la shangazi wa mshukiwa halimo katika orodha. Alikuwa ameliandika Alhamisi, baada ya kuifungua orodha na kulitafuta jina hilo. Aliisoma mara mbili, na masikio yakaanza kumchoma. Bila shaka halimo. Katika orodha tupu halimo jina la mtu yeyote.

"Hiyo njo mulinifungia?" aliuliza Ilyasi.

"Sehemu yake."

"Nani aliandika?"

"Mimi."

Ilyasi aliitikia kwa kichwa polepole, kisha akageukia ukuta.

*

Ofisi ya Inzu Nshasha ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Benite, mwandishi wa orodha, alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti ndogo. Alimkaribisha Houda kwa "Bwakeye" na kumpa kiti kabla hajaombwa.

Houda hakukaa. Aliomba aingie kwenye seva na kufungua kumbukumbu za kuwaka na kuzima, kazi ambayo alipaswa kuifanya siku ya kwanza. Mashine ilikuwa imewaka upya mara mbili katika siku kumi na mbili. Mara ya pili ilikuwa Jumatano, Ilyasi akiwepo. Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi iliyotangulia, jioni, saa kumi na mbili na dakika kumi na mbili.

"Jumamosi hii ilikuwaje?"

"Umeme ulikatika," alisema Benite. "Ulirudi jioni."

"Na onduleur?"

"Haikushika. Betri ilikuwa tayari imekufa, sisi hatukujua."

"Nani alikuwa chumba cha seva?"

"Hakuna mutu. Palikuwa pamefungwa."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Buterere, kwenye shule. Nilikuwa na laptopu na modemu, naandika watu. Niliandika mpaka saa tano, kabla umeme haujakatika huku."

"Kaya ngapi?"

Benite alianza kuikunja pembe ya karatasi iliyokuwa mezani. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Benite."

"Ishirini na sita."

"Nionyeshe. Katika taarifa zenu kazi inaanza Jumatatu."

Machozi yalimlenga Benite, lakini aliyazuia. "Jumapili nilifungua nikakuta hakuna kitu. Nikadhani nilisahau kubonya enregistrer, ya kuhifadhi. Kazi hii nimeipata juzi tu, inspectrice, nimekaa miaka miwili na diplôme yangu nyumbani. Nikaona haya. Jumatatu nikarudi, nikawaambia wale watu ni contrôle, ukaguzi tu, wajipange tena. Kuna bibi mumoja alisimama kwenye maji mara mbili kwa sababu yangu."

"Ulimwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata nilipokuja kukuuliza Alhamisi?"

"Uliniuliza kama nilimwona fundi akifuta. Nikajibu lile uliloniuliza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa alikuwepo aliyeficha aibu ya siku moja mpaka ikamzaa mfungwa. Lakini Houda hakulisema hilo. Aliandika tu kwenye daftari lake: imepotea mara mbili. Mara ya kwanza Ilyasi hakuwepo. Chini yake akaongeza: kila mara, mashine imezimika.

Hilo halikutosha. Mashine ikizimika, hifadhidata haipotezi kitu; ndiyo kazi yake. Na mitaa mingine ilizimika vilevile ikarudi salama. Jumatatu na Jumanne umeme haukukatika hata mara moja, bahati adimu, na kaya zilijaa hadi mia mbili na kumi na nne, Benite akizitazama kila jioni zikiwa kamili. Ziliandikwa, zilionekana, zilihesabika. Ziliandikwa wapi?

"Maxime yuko wapi?" Maxime ndiye aliyeunda programu yote.

"Amesema atakuja saa saba."

Saa ilikuwa tano na nusu. Houda alichukua mkoba wake. Palibaki kitu kimoja cha kuthibitisha Buyenzi.

*

Mzee Massoudi aliuza vipuri kwenye kona ambako magurudumu ya kale yalipangwa kama viti, na kweli watu walikuwa wakiyakalia. Alimwona Houda kwa mbali, lakini hakumwita kwa utani wake wa siku zote kwamba binti wa Uthmani amekuja kukamata vipuri. Alivuta kijitabu cha garantie na kukifungua ukurasa wa Jumatano kabla hajaulizwa.

"Betri moja. Ilyasi. Saa tano kasoro. Yote iko pale."

"Alikuwa na haraka? Hasira?"

"Alikuwa na njaa. Aliniomba mandazi moja." Mzee alivua miwani. "Sikiliza, Houda. Nimeuliza kila mutu hapa: Ilyasi anajua kufuta mambo ya ordinateur? Ata simu yake njo mutoto wa dada yake anamuwekeaga saa."

Kabla Houda hajajibu, dereva mmoja wa teksi aliingia na kulibwaga boksi juu ya meza.

"Muzee, plaquettes zako za breki haziingie."

"Zangu haziingie, ao zako haziingie?"

"Nimefungua gurudumu lote, nimekaa kwenye jua, haziingie."

"Asubuhi uliniambia nini?"

"Leta plaquettes."

"Za gari gani?"

Dereva akalitazama boksi.

"Hukutaja gari," alisema Massoudi, akigeuza boksi upande mwingine kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kushinda. "Hapa Buyenzi asiyetaja gari anapewa ya Probox. Njo iko karibu na mukono. Na we ulizipokea, ukazitazama, ukaona ni mupya, ukanishukuru. Zilikuwa nzuri mpaka gurudumu ikafunguliwa. Sasa sema. Gari gani?"

Dereva alitaja gari lake, watu waliokalia magurudumu wakacheka, naye akacheka pamoja nao kwa shingo upande. Houda peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kijitabu cha garantie mkononi na amesahau kukirudisha.

"Asiyetaja jina," alisema polepole, "anapewa kilicho karibu."

"Njo ivyo mwanangu. Dunia nzima."

Houda alitoka hapo kwa mwendo wa nusu kukimbia. Alipofika njia ya lami ndipo alipotambua kwamba mzee alikuwa amemwita mwanangu kwa kusahau.

*

Maxime alikuwa kijana mrefu aliyeinama mabega, kama mtu anayeomba radhi kwa urefu wake. Alipomwona Houda mlangoni alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nifungulie moduli ya Buterere, ile sehemu ya programu inayoandika orodha yao," alisema Houda.

"Code ni ya shirika. Pengine inahitaji autorisation…"

"Kuna mtu anapelekwa gerezani saa tisa. Sasa ni saa saba na robo."

Maxime akafungua.

"Kwanza ya mitaa mingine," alisema Houda. "Nataka kuona mahali inapoomba muunganisho."

Programu za Java za ofisi hazijitafutii hifadhidata zenyewe. Mwandishi huacha nafasi wazi, huweka alama juu yake, na seva inapowaka huja kuidunga nafasi hiyo muunganisho, kama muuguzi anavyodunga sindano mkono ulioinuliwa. Ni utaratibu mzuri. Programu haibebi nywila, haijui mashine iko wapi. Inajua jina tu. Katika moduli za mitaa mingine alama ilikuwa na mabano, na ndani ya mabano jina kamili la hifadhidata ya Inzu Nshasha. Jina hilohilo lilikuwa kwenye mipangilio ya seva. Likitajwa, seva inajua cha kudunga.

"Sasa ya Buterere."

Maxime alisita, kidole kikiwa juu ya kitufe. Kisha akabonya na kusogeza kiti chake nyuma.

Ilikuwa mistari mitatu.

// mgeni bado hana jina. jina: siku ya saba
@Resource
private DataSource mgeni;

Hapakuwa na mabano. Hapakuwa na jina. Na seva isiyotajiwa jina haikatai wala hailalamiki. Ina hifadhidata yake ndogo ya majaribio, inayokaa kwenye kumbukumbu ya mashine tu, iliyowekwa hapo kwa ajili ya wanafunzi. Ndiyo iko karibu na mkono. Ilichukua hiyo ikaidunga. Benite aliandika kaya mia mbili na kumi na nne juu ya maji. Zilionekana vizuri mpaka mashine ilipozimika, na ilipowaka moduli ikajitengenezea jedwali jipya, safi, tupu, bila hata kupiga chafya.

Kesi ilikuwa imekwisha. Houda angeweza kunyanyuka wakati huo huo na kukimbia kituoni. Hakunyanyuka. Alikuwa anautazama mstari wa kwanza.

Buyenzi, mtoto akizaliwa, humwita mgeni. Jina lake husubiri siku ya saba, siku ya akika, nywele zinaponyolewa na ubwabwa kupikwa. Miaka miwili nyuma, Houda alipokuwa msaidizi wa mwalimu chuoni, akisimamia mazoezi ya vitendo, dada yake alijifungua mtoto wa kike. Wiki ile Houda aliwaandalia wanafunzi kiolezo cha programu, na kwa furaha tu akaandika utani katikati yake. Seva ya darasa ilikuwa na hifadhidata ya majaribio, haikuhitaji jina. Somo la majina, na kwa nini usiache nafasi bila jina, alilipanga kwa kipindi cha saba. Kipindi cha sita kilipokwisha, barua ya kuitwa upolisi ilifika. Aliondoka Ijumaa. Hakumwachia mtu maelezo. Alijiambia kwamba yeyote atakayekuja ataona.

"Umeitoa wapi hii?" aliuliza, ingawa sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza.

"Mafuriko yalikuja, walitaka moduli kwa siku mbili. Nilichukua modèle ya chuoni." Maxime alikuwa akiongea na magoti yake. "Nilikuwa groupe ya jioni. Nilikaaga nyuma. Pengine hunikumbuki, Mademoiselle Houda."

Hakumkumbuka.

"Ulijua ni yangu?"

"Ulipoingia Alhamisi nilijua. Nikafikiri umekuja kwa sababu ya ule mustari. Nikafikiri, ameujua mwandiko wake. Halafu ukauliza habari ya fundi, fundi, fundi. Nikajiambia basi, inspectrice anajua zaidi yangu." Alimeza mate. "Na nilikuwa na haya kusema nilikopi bila kuelewa. Mi njo ingénieur hapa."

Chini dukani mtu alikuwa akipima kitambaa, akihesabu kwa Kirundi kwa sauti.

"Tutaijaribu," alisema Houda. "Mbele ya Benite. Nataka mashahidi wawili."

Walifanya kwa utaratibu, na Houda aliandika kila hatua na dakika yake. Benite aliandika jina moja la kubuni kwenye orodha ya Buterere. Likaonekana. Maxime alizima seva, akaiwasha. Orodha ikawa tupu. Kisha Houda mwenyewe aliweka mabano, na ndani yake jina la hifadhidata, herufi kwa herufi. Benite akaandika tena. Seva ikazimwa, ikawashwa. Jina likabaki.

Benite aliziba mdomo kwa kiganja. "Kwa hiyo Jumamosi sikusahau kubonya."

"Hukusahau."

"Na wale watu? Zile kaya?"

"Hazipo popote," alisema Houda. "Itabidi kuandikwa upya."

*

Ilikuwa saa nane na dakika hamsini. Commissaire Léonce alisoma kurasa nne bila kuinua kichwa. Alipofika mwisho alizirudisha mezani na kugonga kwa kidole mstari mmoja uliokuwa mtupu. Fomu ilisema: chanzo cha tukio, na mhusika.

"Hapa hujajaza."

"Najua. Nilitaka nijaze mbele yako."

"Andika panne technique, mashine iliharibika tu." Léonce alishusha sauti, na ndani yake mlikuwa na huruma ya kweli, jambo lililomfanya Houda apate shida zaidi. "Fundi anatoka. Serveur haina mama wa kulia kwenye korido. Kila mutu anaielewa panne."

"Panne haina jina, Commissaire."

"Njo uzuri wake."

"Alhamisi tuliacha mahali bila jina. Lililokuwa karibu na mkono lilikuwa la Ilyasi, likaingia hapo lenyewe." Houda alichukua kalamu. "Nikiandika panne, pataachwa wazi tena. Kesho watu watajaza la Maxime. Ao la Benite."

"Watakuita kwa maelezo. Ripoti mbili zinazopingana, mwandishi mumoja, na code yake mwenyewe ndani. Unaweza kukaa nyumbani muda murefu. Unaweza usirudi."

"Ndiyo, Commissaire."

Aliandika polepole. Kiolezo kisicho na jina la hifadhidata: Houda binti Uthmani, aliyekuwa msaidizi wa mazoezi. Ripoti ya kwanza yenye kosa: huyo huyo. Léonce aliutazama mwandiko ule kwa muda, kisha akasaini chini yake na kusukuma kiti nyuma.

"Nenda umufungulie we mwenyewe."

Ilyasi alirudishiwa mkanda na kamba za viatu, akaketi sakafuni kuzifunga. Houda alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kisha akaona si vizuri, akachuchumaa. Alitaja mstari, alitaja mwaka, alitaja jina lake. Ilyasi alisikiliza mpaka mwisho huku akivuta kamba.

"Kwa hiyo niliwasha tu mashine."

"Uliwasha tu mashine."

"Siku saba." Alisimama, akajikung'uta suruali. "Umwambie Mama we mwenyewe. Mi sitakusaidia."

Kwenye korido Mwanasiti alikuwa amekwisha kunyanyuka. Alimshika mwanawe usoni kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua chungu. Ndipo Houda akasema. Alisema mbele ya askari wa zamu na mbele ya watu wawili waliokuja kwa shida zao, na hakushusha sauti. Mwanasiti hakuelewa habari ya seva. Alielewa habari ya jina.

"Uliandika siku ya saba," alisema, "kisha hukurudi."

"Sikurudi, Mama."

"Mi nilikuwepo siku yako ya saba. Mvua ilikuwa inanyesha, baba yako hana kuni, mutu mumoja akasema tungoje Ijumaa. Bibi yako akakataa. Tulivunja kitanda tukapika, na jina ukapewa siku ile ile." Aliinama akachukua chupa ya chai. "Na watu wa Buterere?"

"Kesho asubuhi nakwenda na Benite kuwaandika upya. Hata kama hapa watanisimamisha."

Mwanasiti aliifungua chupa, akamimina kilichobaki kwenye kifuniko chekundu. Chai ilikuwa imepoa. Houda alidhani ni ya Ilyasi, akasogea kumpisha, lakini mkono wa mama ulibaki umenyooka upande wake.

"Kunywa," alisema Mwanasiti. "Hakuna kesho. Jua bado liko. Twende leo."